Sura ya Tano: Kalamu Isiyoandika

Nankya, msichana wa kazi kutoka Uganda, alikuwa kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya jiko la watu, mikono kaikunja kifuani. Mbele yake mezani pana karatasi moja na kalamu mbili. Moja ya wino. Ya pili haiandiki.

"Mimi sisaini," akasema. "Hata muite jeshi."

Mzee Marhoon ndo kwanza anavua makubadhi mlangoni. Alipigiwa simu kabla ya adhana ya adhuhuri, akasali, akaja mbio mpaka Ansab na lile gari lake ambalo kiyoyozi chake kinatoa kelele tu, baridi hakitoi. Miaka thelathini na moja kaifanyia kazi forodha, kafungua masanduku ya watu mpaka akawa anamjua mwenye sanduku kwa namna alivyokunja shati. Kastaafu, lakini ukoo haujui kustaafu. Kikipotea kidani cha harusi, Marhoon. Likigongwa gari uani na hakuna aliyegonga, Marhoon.

"Kaka, usijisumbue naye," alisema Sleiman, mwenye nyumba, mtoto wa khalti yake Marhoon, dada wa mamaake. Alikuwa na kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama, mtu wa wizara huyo, mtu wa mihuri. "Fahd wa maktab, ile ofisi inayoleta wafanyakazi wa nyumbani, anakuja baada ya alasiri. Anamchukua, anampeleka polisi na hiyo karatasi. Yamekwisha."

"Karatasi inasemaje?"

"Kwamba kitu ni chake."

"Na si changu!" Nankya kainua kidevu. "Baba Marhoon, mimi nimebaki siku tisa. Tisa! Tikiti iko. Dada yangu anaolewa Masaka, mimi ndiye nitamsimamia. Sasa niweke kidole hapo, niende jela ya watu? Khalas, nitakaa hapa kwa ndoo mpaka siku tisa ziishe."

"Na chakula atapika nani?" aliuliza Ruba, mkewe Sleiman.

"Mumeo si ana mikono?"

Marhoon alikohoa ili asicheke. Akavuta kiti, akatoa miwani, akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akaishika ile kalamu ya pili kwa kitambaa.

Ilikuwa nyeusi, fupi kama kidole cha shahada, na kitufe kimoja ubavuni. Juu ina kichupa cha kioo, ndani mafuta ya rangi ya samli. Juu kabisa pana kipande cha kutia mdomoni, cheupe, na kwenye kile cheupe pana doa jekundu. Chini yameandikwa maandishi madogo, na jani limechorwa. Jani hilo Marhoon kalijua siku nyingi.

"Nani kaiona?"

"Mie," Ruba akasema. "Leo asubuhi. Imo kwenye mfuko wa aproni yake, imetundikwa nyuma ya mlango wa stoo. Na hilo doa, Kaka Marhoon, lipistiki hiyo. Kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, anajipaka akenda kanisani Ghala."

"Yangu ni ya zambarau," Nankya akajibu. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kijiti cha lipistiki, akakifungua, akakipiga juu ya meza, *ta!* "Tazameni. Nyekundu ni ya Madamu."

Marhoon kageuza macho taratibu kwa Ruba, maana kweli midomo ya Ruba ilikuwa myekundu kama komamanga.

"Usinitazame hivo, shemeji!"

"Natazama kila kitu, shemeji. Ndo kazi." Akachovya ncha ya kitambaa kwenye maji, akataka kulifuta lile doa, akajizuia. Mtu wa forodha hafuti. "Ijumaa, Nankya, ulitoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Basi la kanisa lilinichukua, likanirudisha magharibi. Watu thelathini wameniona, na nimeimba peke yangu mbele."

"Wewe Ruba?"

"Yiti, kwa dada yangu. Nimerudi saa nane."

"Na chetezo hichi kimepasuliwa na nani?"

Maana pembeni ya sinki palikuwa na chetezo cha udongo, kile cha kufukizia udi, ufa umekipita toka mdomoni hata kitakoni.

"Yeye," Ruba akasema.

"Si mimi! Nilikikuta hivyo jana Jumamosi asubuhi, na zulia la chumba cha Bibi lina shimo la kaa. Mimi na hiki chetezo tuna miaka miwili, hakijawahi kunilalamikia."

Marhoon alikipindua. Kitupu. Hakina mchanga, hakina jivu la chini, alama ya kaa imebaki juu ya udongo mtupu. Akakirudisha mahali pake, akaifunga ile kalamu kwenye kitambaa.

"Sleiman, nipe mpaka alasiri."

"Kaka, ushahidi upo mfukoni mwake."

"Mie nimetoa dhahabu kwenye mkoba wa mtoto mchanga, bwana. Mfuko hauna ulimi. Nipe mpaka alasiri."

Nankya akaisogeza ndoo inchi mbili mbele, kwa nguvu, kama mtu anayepiga mhuri. "Nenda tu, Baba. Mimi niko."

*

Jaifar ana kijiduka cha kutengeneza simu Bawshar, nyuma ya lile jengo la maduka, upana wake mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Alikaa Uingereza miaka minne, akarudi na mke wa Kiingereza na ujuzi wa vitu vidogo vidogo. Marhoon alimwekea kitambaa juu ya meza, akakifunua.

Jaifar akaruka nyuma. "Ami! Wallahi umekuja kuniua? Funika!"

"Nimekuja kusoma. Mlango ushafunga?"

"Ushafunga, lakini hii..." Akainama, akatazama bila kugusa. "Hii CBD, ami. Ni mafuta ya mmea huo huo wa bangi, lakini wametoa kile kitu kinacholevya, au wanasema wametoa. Kule kwa wenzetu wanauza dukani, vikongwe wanainunua kwa maumivu ya magoti, kwa usingizi. Hapa..." Akapitisha kidole shingoni.

"Hapa jani ni jani, hata likivaa kanzu. Najua. Nifundishe kama mie sijui kitu, ndo siku yangu ya kwanza. Ntafanya nini?"

Jaifar alicheka kwa woga. Akachukua koleo dogo la saa, akaonyesha kwa mbali kama mwalimu wa ramani.

"Kwanza unajaza mafuta hapa kwenye kichupa. Ndani pana pamba na waya. Pamba lazima inywe kwanza, dakika kumi, robo saa, uiache. Mtu wa mara ya kwanza hana subira, anavuta pamba ikiwa kavu, inaungua. Pili, kuwasha. Hichi kitufe unabonyeza mara tano, haraka haraka, *tatatatata*, usipumzike. Ukichelewa haiwaki. Wamefanya hivo isijiwashe mfukoni. Ikishawaka unakibana kitufe huku unavuta."

"Navuta vipi?"

"Hapo ndo wengi wanaharibu. Hii si sigara. Unaonja kidogo kama unavyoonja chai ya moto, kwa ncha ya mdomo. Moja, mbili, unaacha. Unasubiri robo saa uone mwili unasemaje. Hujaridhika, moja tena. Ukivuta kwa kifua chote, mafuta yanapanda juu, yanakujia mdomoni, na koo linawaka moto."

"Na huyu wetu kafanyaje?"

Jaifar akakifungua kichupa kwa koleo, akamulika taa. Akapiga mluzi.

"Kafanya makosa yote. Pamba imeungua nusu, tazama, kama kaa. Mafuta yamepanda mpaka juu. Huyu kavuta kwa nguvu, ami, kifua kizima, kama... kama watu wa zamani wanavyovuta buruma. Unajua ile ya maji, unaivuta mpaka inaguruma? Namna ile. Na kavuta mara moja, mbili kwa wingi, kichupa bado kimejaa." Akanusa kwa mbali, akakunja uso. "Na jengine baya zaidi. Mafuta haya si ya kalamu. Haya ni ya matone, ya kudondoshea chini ya ulimi. Mazito. Mtu hatakiwi kuyavuta kabisa, yanaganda kwenye mapafu. Aliyeyatia humu hakujua, kaona chupa imeandikwa CBD, akamimina. Aliyevuta kakohoa, ami. Kakohoa sana. Na mwambie aende kwa daktari, usichekee."

Marhoon alikuwa ashasimama. "Mara tano?"

"Mara tano. Vidole vizima."

"Allah akuweke, mwanangu. Hukuniona."

"Sikukuona toka Idi."

*

Aliporudi Ansab, Nankya yupo pale pale juu ya ndoo. Karatasi ipo pale pale. Kilichobadilika ni kwamba kajiletea chai.

"Nipe ndimu," Marhoon akasema.

Nankya akanyoosha mkono bila kunyanyuka, akatoa ndimu kwenye bakuli, akaikata. Ruba kasimama mlangoni, Sleiman nyuma yake anatazama saa.

"Njooni muone, kwa sababu sitaki kuambiwa nimefanya uchawi. Ruba, shemeji, lete lipistiki yako."

Akaipaka lipistiki ya Ruba kwenye sahani nyeupe, akaikamulia ndimu. Nyekundu ikabaki nyekundu, haijali. Kisha akachukua kijiti cha pamba, akakichovya kwenye ndimu, akaligusa lile doa la kwenye kalamu, upande mmoja tu, upande wa pili akauacha kwa ushahidi.

Doa likafifia. Likawa la manjano, kama limetishwa.

"Alaa!" Ruba akasema. Aliyezaliwa kwenye nyumba ya watu wa Unguja hana haja ya kuelezwa. Kila aliyewahi kufua leso ya mtafuna uraibu anajua: wekundu wa tambuu unatolewa kwa ndimu. Popoo na chokaa vikikutana vinafanya damu, ndimu inaikata.

Kwenye nyumba hiyo mtafuna tambuu ni mmoja, mamaake Sleiman. Majani huletewa na jamaa kila ndege inapotoka Unguja, na popoo husagiwa, kwa kuwa meno yamebaki manne.

"Ruba," Marhoon akasema, "Ijumaa ulipotoka Yiti ulimkuta vipi Bi Zakiya?"

"Anakohoa. Alikohoa mpaka machozi, masikini. Sleiman kakaa naye, anampa maji na asali. Madirisha yote wazi na joto lile, na udi umejaa chumba mpaka huoni ukuta. Nikasema, udi saa nane mchana, tunasubiri mgeni gani?"

Sleiman akatia mkono mfukoni, akautoa, akautia tena.

Chumba cha Bi Zakiya kilikuwa cha chini, karibu na ua. Mwenyewe kakaa kitandani, kigari chake cha kutembelea kando, kijaluba cha uraibu pajani, mwanamke wa miaka themanini na mbili, mwembamba kama ufito na sauti ya watu wazima watatu. Marhoon akambusu kichwani.

"Khalti, nimekuja na swali."

"Unalo tangu utotoni. Sema."

Akamuonyesha kalamu. Bi Zakiya hakupepesa jicho.

"Yangu hiyo."

"Mama!" Sleiman akasema.

"Yangu! Nani kakwambia uropoke? Miguu inaniuma, vidole vinaniuma, usiku silali, madaktari wananipa vidonge vya kunipa kiungulia. Nikasikia kuna dawa ya kuvuta, nikavuta. Mie nimevuta buruma Malindi ya Unguja kabla babaako hajaota ndevu. Niiteni polisi wenu. Watanifunga? Nifungeni! Huko jela kuna lifti, hapa ngazi tatu za uani zinanishinda."

Ruba kaziba mdomo. Marhoon kamuacha amalize, ana adabu ya kungoja.

"Uliinunua wapi, khalti?"

"Sokoni."

"Lini umekwenda sokoni?"

"Nilikwenda kwa moyo."

"Haya. Na uliiwasha mwenyewe?"

"Si nna mikono?"

Marhoon akaitenganisha ile kalamu vipande viwili, kichupa akakiweka kando ndani ya kitambaa, akampa kile kipande cha chini, cha betri. "Nioneshe. Kibonyeze mara tano, haraka. Kitatoa taa."

Bi Zakiya akakipokea. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi kama mizizi ya mkoko, kila kimoja kina njia yake. Akakiweka kidole gumba juu ya kitufe. Moja. Akapumua. Mbili. Kidole kikateleza. Akaanza tena, meno manne kayaumanisha. Moja. Mbili. Kikamponyoka, kikaanguka juu ya mkeka.

Hakuna aliyekiokota.

"Leo vimelala," akasema Bi Zakiya, na kwa mara ya kwanza sauti ikapungua.

"Basi kambonyezea Nankya," Sleiman akadakia haraka. "Ndo anayemvisha, ndo anayemlisha. Nilisema mie!"

"Ijumaa?" Marhoon akamgeukia. "Ijumaa Nankya kaimba kanisani mbele ya watu thelathini. Ruba yupo Yiti. Ndani ya nyumba hii mlikuwa wawili. Mmoja hawezi kubonyeza."

"Pengine siku nyengine..."

"Kalamu imevutwa mara moja, mbili. Mama kakohoa Ijumaa. Na nani kafukiza udi, Sleiman? Mwanamke yeyote wa nyumba hii, hata Nankya wa ugenini, anajua chetezo kinatiwa mchanga na jivu kwanza, ndo kaa. Udi una adabu zake. Huyu kaweka kaa jekundu juu ya udongo mkavu, kikapasuka, kaa likaruka zuliani. Huyo ni mtu aliyefukiziwa maisha yake yote, hajafukiza hata siku moja."

Ruba akamtazama mumewe kama anayemuona kwenye picha ya zamani. "Sleiman? Wewe?"

Sleiman akakaa kwenye ncha ya kitanda. Kanzu ikakunjika, hakujali.

"Alikuwa analia usiku," akasema. "Nasikia ukutani. Mwenzangu mmoja akaniambia mamaake yeye inamsaidia. Nikasema Ijumaa, nyumba tupu. Nikajaza, nikabonyeza, nikamwambia vuta mama. Nikadhani namuua."

"Na ilipoonekana kwenye aproni?"

"Nilidhani nimeitupa. Kumbe ilibaki..."

"Chini ya mto." Ilikuwa sauti ya Nankya. Kasimama mlangoni, ndoo kaibeba mkononi. "Jana Jumamosi nimetandika kitanda, nikaiona. Nikatia mfukoni nimuulize Bibi polepole. Bibi amelala. Leo asubuhi Madamu ameshika."

"Kwa nini hukusema, mwanangu?" Marhoon akauliza.

"Niseme nimeitoa kwa mto wa Bibi? Wakikataa, mimi ni mwongo. Wakikubali, wanamchukua Bibi. Nimesema moja tu, si yangu. Hilo ni la kweli, na hilo hawaninyang'anyi."

Kengele ya geti ikalia. Fahd huyo, wa maktab, kaja kabla ya wakati.

Sleiman kamshika Marhoon mkono, kamvuta ukumbini. "Kaka, nisikilize. Nimebakisha miezi minne nistaafu wizarani. Jina langu likiingia kwenye kitu hichi, kwisha. Yule watamrudisha kwao tu, na anakwenda kwao!"

"Anakwenda kwao kwa tikiti. Wewe unataka aende kwa pingu."

"Ntamlipa."

"Kamwambie mwenyewe. Yupo pale na ndoo."

Sleiman hakwenda. Akafungua mlango wa mbele. Fahd kaingia, kijana wa miraba minne, Kiswahili chake cha kuokota kwa bibi yake, karamu ya salamu, *kefhalkum*, *hayyakum Allah*, yupo wapi huyo bint, karatasi tayari? Nankya akapita kati yao, akaichukua ile karatasi mezani, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya ndoo, akakaa juu yake.

"Njoo uitoe," akamwambia Fahd.

Fahd akaitazama ndoo. Akamtazama aliyekaa juu ya ndoo. Akamtazama Sleiman.

"Mama yuko wapi?" Ruba akasema ghafla.

Chumbani hayupo. Kigari chake hakipo. Wakatoka uani mbio, na jua lile la saa tisa na nusu linapiga saruji mpaka macho yanauma, wakakuta kigari kimeachwa kando ya ngazi, zile ngazi tatu zinazomshinda. Na ndani ya gari la maktab, kiti cha mbele, kakaa Bi Zakiya, buibui kavaa, mkanda kafunga, kijaluba pajani, anatafuna.

Fahd akagonga kioo kwa adabu. "Bibi, hili gari la kazi."

Kioo kikashuka vidole viwili. "Najua. Mvutaji ni mie. Endesha."

"Bibi, mie nimetumwa bint wa Uganda."

"Na mie nakwambia umechukua mvutaji. Huna ruhusa ya kumwacha mvutaji ukamchukua mfuaji. Endesha, au washa hicho kiyoyozi, nafia humu."

"Mama, teremka," Sleiman akasema. "Mama, tafadhali. Majirani."

"Waje! Waje wote, niwahadithie." Akageuza uso, akamtazama mwanawe kupitia ule mwanya. "Sleiman. Ulinitilia dawa kwa mapenzi, sikulaumu. Nilikohoa hata kifua kikataka kukatika, nikasema ndo mapenzi yenyewe. Lakini sikukuzaa ili mtoto wa mtu avae kosa lako. Nitakaa humu mpaka nikusikie."

Adhana ya alasiri ikaanza, msikiti wa karibu, kisha wa mbali. Hakuna aliyesogea. Marhoon kasimama kivulini, kitambaa chake na kalamu mkononi. Kazi yake alikwisha kuifanya. Iliyobaki haikuwa ya forodha.

Sleiman akavua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena, akaiweka sawa.

"Fahd," akasema. "Kile kitu changu. Nimenunua mie, nimejaza mie, nimewasha mie. Yule binti hana habari nacho."

Fahd akamgeukia Marhoon. "Sasa mie nampeleka nani?"

"Hupeleki mtu," Marhoon akasema. "Atakwenda mwenyewe, na kalamu, na mie kando yake. Tukimaliza, daktari anamsikiliza mama kifua. Sleiman, gari lako au langu?"

"Langu," Sleiman akasema. "Lako halina baridi."

Ikawa kazi ya Nankya kumteremsha Bi Zakiya garini, maana hakukubali mkono mwengine. Alimshika kwapani, akampandisha ngazi moja, akapumzika, ya pili, akapumzika. Juu kabisa bibi kasimama, akatema tambuu kwenye chungu cha maua.

"Hizo siku tisa zako," akasema, "sikuachii hata moja. Kesho unanisagia popoo."

"Nane, Bibi," Nankya akasema. "Leo nimeimaliza juu ya ndoo."